Korona ya shimo jeusi ni nini?

Ukisikia wanafalaki wakisema shimo jeusi fulani linawaka kwa eksirei, usidhani mwanga huo unatoka shimoni. Kilichokwisha kuingia humo hakitoki, hata nuru. Kinachowaka ni gesi iliyo bado nje, karibu kumezwa, na sehemu ya gesi hiyo yenye joto kali kuliko zote ndiyo inayoitwa korona. Neno ni la Kilatini, maana yake taji. Lilianza kutumika kwa ule mwanga mweupe unaolizunguka Jua linapopatwa.

Galaksi kubwa karibu zote zina shimo jeusi kubwa katikati. La kwetu, katikati ya Njia Nyeupe, lina uzito wa Jua mara milioni 4 na siku hizi limetulia. Mengine yanavuta gesi kwa wingi. Gesi hiyo haidondoki moja kwa moja: inazunguka kama maji yanayoelekea tundu la sinki, mpaka inatandazika ikawa sahani pana. Matabaka ya sahani yanasuguana na kupata joto la maelfu mengi ya nyuzi, nayo inang'aa kwa mwanga wa kawaida na kwa urujuanimno, yaani nuru isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu kuliko ile ya kawaida. Lakini joto hilo halitoshi kuzaa eksirei kali tunazozipokea. Lazima kuwe na kitu kingine chenye moto zaidi.

Kitu hicho ndicho korona: wingu jepesi la elektroni zilizobanduka kutoka kwenye atomu zake, liko karibu kabisa na shimo, na joto lake linafika nyuzi bilioni moja hivi. Wataalamu wengi wanaona kwamba linapashwa na nguvu za sumaku zinazochomoza kutoka kwenye sahani. Jambo la namna hiyo tunaliona hata kwenye Jua, ambalo uso wake una nyuzi 5,500 na korona yake zaidi ya milioni moja. Joto kubwa hivyo halina maana ya moto mwingi, kwa sababu wingu lenyewe ni jembamba. Cheche ya mkaa ikikurukia mkononi ina joto kuliko chai inayochemka, lakini chai ndiyo itakayokubabua.

Sasa eksirei zinazaliwaje? Tupa mpira kwenye ukuta uliosimama, utarudi kwa mwendo karibu ule ule. Ule mpira ukikutana na uso wa basi linalokuja mbio, utaruka kwa kasi ya kutisha, kwa sababu basi limeuongezea nguvu yake. Elektroni za korona ndizo mabasi. Chembe ya nuru ya urujuanimno inapanda kutoka kwenye sahani, inagongwa na elektroni, inagongwa tena na nyingine, na inapochomoka nguvu yake imezidi mara mia au hata mara elfu. Hapo imekwisha kuwa eksirei, ya aina ile ile inayopita mwilini mwako ukipigwa picha ya mfupa hospitalini.

Udogo wa korona ndio unaonishangaza zaidi. Hakuna darubini inayoweza kuipiga picha tukaona umbo lake, ila eksirei zake huongezeka na kupungua ndani ya saa chache, pengine dakika. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko nuru inavyokivuka. Mwanga ukibadilika ndani ya saa moja, basi chanzo chake hakizidi kilomita bilioni 1 na kidogo, kama umbali wa kutoka kwenye Jua hadi kati ya Mshtarii na Zohali. Galaksi inayolibeba shimo lenyewe inaweza kuwa na upana wa miaka ya nuru laki moja, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru inaukata kwa mwaka mzima.

Eksirei za angani haziufikii uso wa dunia, hewa inazizuia, kwa hiyo ilibidi chombo kipelekwe juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru siku hiyo, na Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina hilohilo: Uhuru. Miongoni mwa vitu ilivyogundua vinatoa eksirei ni galaksi ya NGC 4151, yenye shimo jeusi linalokula kwa bidii.

Galaksi hiyohiyo imepimwa tena na setilaiti ya IXPE, ya Marekani na Italia, iliyorushwa Desemba 2021. IXPE hupima mwelekeo ambao mawimbi ya eksirei yanatikisika, na mwelekeo huo unategemea umbo la mahali yalipogongwa. Kwa muda mrefu wengi walichora korona kama taa iliyoning'inia juu ya shimo. Vipimo vya NGC 4151 havikubaliani na taa. Vinaelekea zaidi kwenye wingu lililotandaa sambamba na sahani. Na data za IXPE, zikishuka kutoka angani, kituo chake kikuu cha kuzipokea kiko Malindi.