Ukali huzaa siri: dhana potofu tunazoingia nazo wodini

Mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, figo zake zikizidi kuchoka kila siku na hakuna aliyejua kwa nini. Kwenye raundi ya asubuhi daktari bingwa akamuuliza kama polisi anavyouliza: "Unatumia dawa za kienyeji wewe?" Mzee akawatazama wale vijana wa makoti meupe waliomzunguka, akatazama miguu yake, akasema, "Hapana, daktari."

Chini ya mto wake kulikuwa na chupa ya maji ya nusu lita, na ndani yake kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nimeiona tangu usiku. Nilikuwa daktari mtarajali, mwezi wangu wa pili kazini, na juzi yake nilikuwa nimeambiwa mbele ya wodi nzima kwamba kama sina la maana nifunge mdomo. Nikaufunga. Chupa ile ilikuja kutajwa siku mbili baadaye, na aliyeitaja ni mama wa usafi.

Kila nikisikia watu wakibishana kuhusu huruma na heshima hospitalini, nakumbuka chupa ile. Mzee alificha kwa sababu aliogopa. Mimi nilificha kwa sababu niliogopa. Bingwa, aliyesoma kuliko sisi wote, ndiye peke yake aliyekuwa hajui.

Dhana: Daktari mkali ndiye anayeijua kazi

Hii tunaisema kwa sifa kabisa. "Yule mama mkali, lakini mkono wake, weee!" Na sisi wenyewe tumelelewa nayo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa, lakini hata kwenye malezi methali ile haikusema mwana atukanwe mbele ya wageni.

Mwaka 2015 watafiti wa Israel walichapisha jaribio ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila chumba cha madaktari. Walichukua timu 24 za madaktari na wauguzi wa wodi za watoto njiti, wakawapa zoezi la mtoto wa bandia anayezidiwa ghafla. Kabla ya zoezi na katikati yake, timu nyingine zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu mgeni, na timu nyingine zikasikia maneno ya kawaida tu. Hakuna aliyefokewa. Ilikuwa dharau nyepesi, ambayo kwetu ingepita kama salamu. Waliotoa alama hawakujua ni timu ipi iliyodharauliwa. Bado timu zile zilifanya vibaya zaidi, katika kuutambua ugonjwa na katika kazi ya mikono vilevile.

Linalonigusa zaidi ni sababu yake. Watu wale walikuwa na ujuzi wao uleule, ila walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Kila mmoja alibaki na chupa yake chini ya mto.

Wapo madaktari wakali na hodari, siwakatai, nimefundishwa na baadhi yao. Uhodari wao waliupata kwa kusoma na kwa kukesha. Ukali uliingia humohumo, watu wakadhani ndio dawa.

Dhana: Ukimwacha mgonjwa aongee, foleni haitaisha

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani walisikiliza kanda za mazungumzo ya kliniki wakakuta kwamba mgonjwa akianza kueleza shida yake, daktari humkatiza baada ya sekunde 18 hivi kwa wastani. Ukimuuliza daktari kwa nini, atakwambia nikimwacha atanisimulia mpaka harusi ya binti yake.

Huko Basel, Uswisi, wakaamua kujaribu. Wagonjwa 335 waliachwa waongee mpaka wamalize wenyewe, saa ikihesabu kimyakimya. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wagonjwa wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002.

Naujua utetezi, maana niliutoa mimi mwenyewe: Basel si kwetu, ambako unafika saa mbili asubuhi na benchi limeshajaa mpaka barazani. Kweli. Lakini hesabu nayo ina upande wa pili. Mgonjwa aliyekatizwa haendi nyumbani na neno lake. Hulitoa akiwa ameshika kitasa cha mlango: "Halafu daktari, kuna kitu kingine..." Na hicho kitu kingine ndicho kilichomtoa nyumbani alfajiri. Mnaanza upya.

Kuna jambo jingine dogo, la kukaa. Katika hospitali moja ya chuo kikuu kule Kansas, daktari mpasuaji aliwatembelea wagonjwa wake wa uti wa mgongo, wengine akiwa amesimama, wengine amekaa. Muda aliotumia ulikuwa karibu uleule, wa wale aliowaona akiwa amesimama ukizidi kidogo. Walipoulizwa, wale aliokaa nao ndio waliodhani wamepewa muda mrefu zaidi. Kwetu ugumu ni kwamba kiti kimoja cha wodini amekikalia shangazi wa mgonjwa aliyekuja na hotpoti. Basi inama. Na kabla ya kuinama, kuna chombo tulichopewa na lugha yetu bure: "Shikamoo, mzee." Nimeona madaktari wa miaka ishirini na saba wakifunua shuka la mtu mwenye umri wa babu yao bila neno hilo, kama fundi anavyofunua boneti.

Dhana: Huruma mtu huzaliwa nayo, kama huna huna

Katika chuo kimoja cha udaktari mjini Philadelphia, watafiti waliwapima wanafunzi mwaka hadi mwaka kwa dodoso linaloangalia uwezo wa kuielewa hali ya mgonjwa. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2009, alama zilikaa sawa miaka miwili ya mwanzo, zikaporomoka mwaka wa tatu, na hazikurudi mpaka kuhitimu. Mwaka wa tatu ndio wanafunzi wale huacha madawati na kuingia wodini. Yaani walikuja nayo, tukaiondoa sisi kwa kuwanyima usingizi, kuwaaibisha, na kuwaonyesha kila siku kwamba anayesifiwa ni yule anayemaliza vitanda haraka.

Hapa pana na mkanganyiko wa neno. Ukisema huruma, wengi wanasikia machozi. Daktari anayelia na kila mgonjwa atafika Ijumaa hana kitu. Ninachokizungumzia ni kujiweka mahali pa mwenzako, ukaelewa kinachomsibu, kisha ukamfanya ajue kwamba umeelewa. Wazee wetu wanalo neno lake. Mgonjwa hawamwambii apone haraka, wanamwambia "ugua pole". Ni watu waliokubali kwamba ameshaumwa, na wanamtakia maumivu yampitie taratibu.

Dhana: Kofi la leba linaokoa mtoto

Hii naiandika taratibu kwa sababu wanawake wenyewe huitetea. "Nesi alinipiga paja, la sivyo ningemuua mwanangu."

Kofi halisukumi mtoto. Kinachomsukuma ni mji wa mimba na nguvu za mama, na mama mwenye hofu hawi na nguvu zaidi. Tunachokijua kuhusu kumsaidia mwenye uchungu kinaelekea upande mwingine kabisa: mapitio ya mwaka 2017 yaliyokusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mama aliyekuwa na mtu wa kumtia moyo muda wote alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake ulielekea kuwa mfupi, na upasuaji ulipungua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama aruhusiwe kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwa upande wetu, mama mkwe huishia getini na beseni lake.

Kisha kuna utafiti wa Tanga. Wanawake 1,779 wa wilaya mbili za mkoa huo waliulizwa, walipokuwa wanatoka kituoni, kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua: kufokewa, kudhalilishwa, kupigwa, kuachwa peke yao. Asilimia 19 wakasema ndiyo. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki chache baadaye wakaulizwa tena, na mara hii ikawa asilimia 28. Aliyeko kituoni, na kadi ya mtoto mkononi, anajua atarudi kwa watu walewale kwa chanjo. Nyumbani ndiko alikosema.

Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mwanamke aliyejifungua sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa, alishinda kesi Mahakama Kuu ya Bungoma mwaka 2018 na kupewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Wauguzi wengi waliposikia walisema: tuko wawili, akina mama kumi na wawili, vitanda sita, mlitaka tufanye nini? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kutoka kwa wanaopanga bajeti. Ila kofi si upungufu wa vitanda.

Dhana: Mgonjwa mwenye adabu haulizi maswali

Mwenye adabu hii anajibu "ndiyo, daktari" kwa kila kitu. Umeelewa? Ndiyo, daktari. Unameza zote? Ndiyo, daktari. Utafunga Ramadhani? Hapana, daktari.

Na atafunga. Mtu wa pwani mwenye kisukari aliyefunga tangu utotoni haachi kwa sababu kijana mmoja amekunja uso. Atafunga kimya, na sindano yake ya insulini atajichoma kwa kipimo kilekile cha siku za kula, sukari imshukie saa tisa alasiri akiwa kwenye daladala. Angeulizwa kwa upole, "Baba, unafikiria kufunga?", pangekuwa na la kuzungumza: kama hali yake inaruhusu kabisa, kipimo cha daku na cha futari, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo anafungua palepale. Angeambiwa pia kwamba kuchoma kidole ili kupima sukari, kwa wanazuoni wengi, hakubatilishi saumu. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema, na lawama yote tunamtupia mfichaji.

Kisukari ndicho kimetupa ushahidi mzuri katika hili. Parma, Italia, watafiti waliangalia wagonjwa karibu 21,000 wa madaktari 242, wakatoa matokeo mwaka 2012. Waliolazwa kwa dharura za kisukari, kama sukari kupanda mpaka kupoteza fahamu, walikuwa 4 kati ya kila 1,000 kwa madaktari wenye alama za juu za kuelewa wagonjwa, na 6.5 kwa wenye alama za chini. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba upole peke yake ndio sababu. Lakini siwezi kufikiria njia ya kuurekebisha ugonjwa unaotegemea mwenyewe anakula nini, kama mwenyewe anaogopa kukwambia anakula nini.

Dhana: "Huyu mwanafunzi simtaki, niitieni daktari"

Heshima ina njia mbili na hapa wagonjwa nao wana deni. Mtarajali si mwanafunzi. Tanzania amekaa chuoni miaka mitano, Kenya miaka sita, na sasa yuko katika mwaka wa mafunzo kazini chini ya usimamizi. Saa nane usiku yeye ndiye utakayemkuta. Mwanafunzi ni mwingine, na kwake unayo haki ya kuulizwa na ya kukataa, na matibabu yako yasipungue kwa hilo. Kila anayekushika anapaswa kukutajia jina na kazi yake kwanza, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki, na sehemu ya mkanganyiko inaanzia hapo.

Madaktari wa kike wao wana mzigo wao. Mwenzangu alikuwa akimaliza kumhoji mgonjwa, kumpima, kumwandikia, kisha anaulizwa: "Haya nesi, daktari anakuja saa ngapi?" Ndani ya swali hilo wamevunjiwa heshima watu wawili, yeye na nesi. Matusi ni ya kawaida, na hayaishii hapo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa wakati fulani wa maisha yao ya kazi.

Kiapo cha Geneva cha mwaka 1948 kilimtaka daktari awape walimu wake heshima na shukrani. Ilichukua mpaka mwaka 2017 ndipo kifungu hicho kikawataja pia wenzake kazini na wanafunzi wake. Mwaka huohuo ndipo daktari alipoapishwa kuitunza na afya yake mwenyewe. Miaka karibu sabini.

Yule bingwa wetu, nimtendee haki, alipoambiwa habari za chupa hakumfokea mtu. Alimwita mama wa usafi pembeni akamuuliza alijuaje, maana sisi wote tulikuwa tumeuliza. Mama akaegemeza fagio ukutani. "Kila asubuhi namwamkia. Jana akaniomba maji ya moto ya kuchanganyia. Nikamuuliza ya kuchanganyia nini, akaniambia."