Zege Halilali, Wala Halina Tarehe ya Kuisha

"Zege lina miaka 50, ikipita hiyo bomoa." Maneno haya yamezuka tena wiki hii, safari hii chini ya picha ya Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago uliofunguliwa Aprili 23, 1914. Jamani, nani aliwadanganya?

Miaka 50 ni namba anayoanzia mhandisi anaposanifu jengo: nondo zifunikwe na zege la unene gani, saruji iwe ya aina gani, jengo litakaa kwenye mazingira gani. Haina uhusiano na tarehe inayopigwa muhuri kwenye pakiti ya maziwa. Zege lililotengenezwa vizuri huendelea kukomaa polepole kwa miaka mingi. Kinachokufa ni chuma kilichomo ndani, na muuaji wake ni maji.

Kisha kuna kundi la pili, linalolia "msiguse, ni uwanja uleule wa 1914." Uleule upi? Charles Weeghman, mwenye mikahawa, alimpa kazi msanifu Zachary Taylor Davis, ukajengwa uwanja wa ghorofa moja wa watu kama 14,000 kwa timu yake iliyocheza ligi ya besiboli ya Federal League. Ligi ikafa baada ya msimu wa 1915, timu ya Chicago Cubs ikahamia 1916. Majira ya baridi ya 1922 hadi 1923 jukwaa lilikatwa vipande vitatu, kipande cha nyuma ya mpigaji kikawekewa rola chini na kusukumwa nyuma kama mita 18. Ghorofa ya juu ni ya 1927 na 1928. Mabenchi ya wazi, ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono na ule mmea mtambaazi wa kwenye ukuta wa matofali, vyote ni vya 1937. Taa ni za 1988. Yaani hata "uzamani" wenyewe umejengwa kwa awamu.

Turudi kwenye zege, maana ndipo watu wanapoharibu kazi.

Kiangazi cha 2004 vipande vya zege vilidondoka kutoka ghorofa ya juu ya Wrigley, ikabidi zifungwe nyavu za kuvidaka. Mitandaoni wakasema "uchakavu". Uchakavu ni neno la mtu asiyetaka kupanda ngazi akatazame. Zege jipya lina pH (kipimo cha asidi na alkali; ikiwa juu ni alkali) ya 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba unaoikinga na kutu. Miaka inavyokwenda, kaboni dayoksaidi ya hewani huingia kutoka nje na kuishusha pH hadi chini ya 9. Au kloridi, yaani chumvi, hupenya na kuutoboa ule utando hata pH ikiwa bado juu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, hivyo inasukuma, zege linapasuka sambamba na nondo, kipande kinashuka. Watu wa Mombasa na Zanzibar wanaijua picha hii vizuri, hasa kwenye nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni.

Chicago ina adhabu ya ziada. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Zege la kisasa la nchi za baridi huwekewa kemikali inayolijaza vipovu vidogo sana vya hewa, ili maji yanayotanuka yapate pa kwenda. Faida ya vipovu hivyo iligunduliwa miaka ya 1930. Kwa hiyo zege la 1914 na la 1927 halina vipovu, na kinga yake dhidi ya barafu ni moja tu: lisilowe. Ndiyo maana kwenye jukwaa la zamani kitu cha kwanza kukagua ni mitaro, jointi (maungio ya vipande vya zege) na matundu ya boliti za viti. Kila kiti kinashikiliwa na boliti zilizotobolewa ndani ya zege, viti ni maelfu, na kila tundu lisilozibwa ni mdomo wa kunywea maji.

Sasa kiraka. Fundi wa haraka anagonga kilicholegea, anapaka rangi ya kuzuia kutu upande wa nondo unaoonekana, anasiriba plasta, anaondoka. Ni kama kumpaka poda mgonjwa wa surua. Utaratibu wenyewe ni huu. Gonga uso wote kwa nyundo, au buruta mnyororo juu ya sakafu. Zege zima linalia kwa mlio mkali, lililoachana linatoa sauti ya kopo tupu. Chora kwa chaki, kisha ongeza sentimita 10 hadi 15 kuingia kwenye zege zima. Kata kingo kwa msumeno, wima, kina cha milimita 12 hadi 20, ukichunga usikate nondo. Ukingo unaoishia kwa unene wa karatasi utabanduka, hata saruji yako iwe ghali kiasi gani. Chimba kwa nyundo ndogo ya umeme, kwa sababu ile kubwa inaacha nyufa ndogondogo kwenye zege utakalolishikishia kiraka. Kisha chimba hadi nyuma ya nondo, walau milimita 20, vidole vipite. Hapa ndipo wengi wanapochoka. Nondo iliyosafishwa mbele na kuachwa na kutu mgongoni itakurudisha pale pale. Piga nondo kwa mchanga unaorushwa na mashine hadi chuma king'ae. Kama imeliwa zaidi ya robo ya chuma chake, simama, mwite mhandisi, ongeza nondo mpya. Lowesha zege la zamani lishibe, lakini usoni pasiwe na maji yanayotuama. Shindilia kiraka kifike nyuma ya nondo, kisha kitunze na unyevu siku saba.

Na tafadhali msiweke mchanganyiko mkali kupita kiasi. Zege la miaka 100 ni laini. Ukilibandikia kiraka kigumu kinachosinyaa sana, chenyewe kitabaki kizima na kung'oa kilichokishika.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya wauza saruji hulipitia kimyakimya. Kiraka kizuri kinaweza kuhamisha ugonjwa. Nondo iliyo ndani ya kiraka kipya inatulia, sehemu ya nondo hiyohiyo iliyo nje kidogo, kwenye zege la zamani lenye kloridi, inaanza kuliwa kwa kasi zaidi. Baada ya miaka michache unaona duara la nyufa linalokizunguka kiraka. Dawa ni vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo kandokando ya kiraka, viliwe vyenyewe. Vinafanya kazi. Kwa muda gani? Karatasi ya bidhaa inataja miaka kwa ujasiri ambao sina. Hata vipimo vya umeme vya kutafuta kutu kwenye nondo navitazama kwa jicho moja: kitabu kinasema ukisoma chini ya milivolti -350 uwezekano wa kutu unazidi asilimia 90, lakini pima sakafu ileile ikiwa kavu, kisha baada ya mvua, uone namba zinavyohama.

Ukarabati mkubwa wa Wrigley, unaoitwa 1060 Project kwa anwani yake ya 1060 West Addison, ulianza Oktoba 2014 kwa bajeti iliyotangazwa ya dola milioni 575 na kuchukua vipindi vitano vya mapumziko ya ligi. Vyumba vipya vya kubadilishia vya Cubs, kama mita za mraba 2,800, vilichimbiwa chini ya ardhi pembeni ya uwanja na kuanza kutumika 2016. Mwaka uliofuata warushaji walihamishiwa sehemu ya kupashia misuli chini ya mabenchi ya wazi. Hayo yameandikwa vya kutosha. Kisichoandikwa ni kwamba kazi inaanza timu ikifunga msimu na inapaswa kuisha kabla ya Aprili, yaani zege linamwagwa wakati mbaya kuliko wote, majira ya baridi. Mafundi wetu husema zege halilali. Kule halilali na pia linafunikwa blanketi. Likiganda kabla ya kufikia nguvu ya megapaskali 3.5 limekwisha, hata likiyeyuka baadaye. Unajenga hema, unaweka hita. Ukiweka hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje, kaboni dayoksaidi inarundikana humo ndani na kuufanya uso wa zege changa uwe vumbi la kufagia. Na ratiba haihurumii: baridi ilichelewesha mabenchi ya wazi, ya kushoto na katikati yakafunguliwa Mei 11, 2015, msimu umeshaanza.

"Si wangeondoa basi zile nguzo zinazoziba macho?" Nguzo hizo zinabeba ghorofa ya juu, na ndizo zinazoiruhusu iwe karibu na mchezo namna ile. Ukiziondoa, ghorofa ya juu inabidi irudishwe nyuma ili boriti zake zijishikilie, na maelfu ya watu wanasogezwa mbali ili mamia wasichungulie pembeni ya chuma. Mimi ningeziacha. Mwenye tiketi ya nyuma ya nguzo ana haki ya kunitukana.

Jiji la Chicago lilipouwekea uwanja ulinzi wa kihistoria mwaka 2004 halikulinda saruji. Lililinda mwonekano: kuta za nje, mkunjo usiokatika wa majukwaa, ubao wa matokeo, ukuta wa matofali na mmea wake. Humo unaweza kubadilisha chuma na zege kipande kwa kipande, mradi umbo libaki. Ila ulinzi huo haukusamehe sheria nyingine: mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwashtaki wamiliki, ikidai ukarabati haukuwatendea haki mashabiki wenye ulemavu katika mpangilio wa viti.

Unayetaka kujua jukwaa la kwenu lina miaka mingapi mbele, achana na kalenda. Nenda siku ya mvua kubwa, simama chini yake, angalia maji yanatokea wapi. Ukiona michirizi ya rangi ya chai, nondo imeshaanza kuliwa. Ukiona chokaa nyeupe inayoning'inia kama mishumaa, maji yamepata njia ya kudumu. Anza na jointi iliyo juu yake, kiraka kije baadaye.