Je, The Office iliharibika siku Michael alipoondoka?

Wapenzi wengi wa The Office ya Marekani (2005–2013), kipindi cha vichekesho cha televisheni kuhusu wafanyakazi wa ofisi moja, wanaamini kuwa ilikuwa nzuri tangu mwanzo, ikaja kuharibika meneja Michael Scott alipoondoka katika msimu wa 7. Imani hiyo inaeleweka, kwani pengo lake lilionekana wazi.

Hata hivyo, wahusika walikuwa wakibadilika kitambo. Msimu wa 1, wenye sehemu 6 tu, ulifuata kwa karibu toleo la Uingereza. Kuanzia msimu wa 2 Michael akalainishwa, nasi tukaanza kumwonea huruma. Mtazame pia Kevin wa uhasibu, anayeniuma zaidi. Mwishoni mwa msimu wa 2 ni mtu mpole anayesema aliwahi kushinda mashindano makubwa ya poka. Msimu wa 8 anaruka maneno ili kuokoa muda, na sehemu ya mwisho inafichua kuwa alibuni namba yake mwenyewe ili hesabu zilingane. Kitabia kikichekesha, waandishi hukirudia na kukikuza.

Ukitaka kuhakikisha, chagua mhusika mmoja, kisha tazama sehemu moja ya msimu wa 2, moja ya 5 na moja ya 8. Andika anavyoongea, na jinsi wenzake wanavyomchukulia.