Moshi mweusi kwenye pampu na jenereta: anza na hewa

Pampu ya kumwagilia ikianza kutoa moshi mweusi, kula petroli kuliko ilivyozoea na kuguruma kwa kukwamakwama, wengi hukimbilia dukani kununua plagi. Plagi mpya itasaidia siku chache, kisha nayo itajaa masizi. Tatizo haliko kwenye plagi. Injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza.

Kilo 1 ya petroli huhitaji hewa ya uzito wa kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Uwiano huo huharibika petroli ikizidi au hewa ikipungua. Kwenye karakana ya chuo tunakutana zaidi na upungufu wa hewa, ambao ni rahisi kutibu, lakini ndio mafundi wengi huuangalia mwisho.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni hilo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ina tiba yake. Fungua plagi uitazame: masizi meusi makavu, au ncha iliyolowa petroli, yanaonyesha mafuta yamezidi. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Kisha washa injini, iache ipate moto, halafu funga koki ya mafuta. Petroli inapopungua kwenye bakuli la kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, sikiliza. Mngurumo ukitulia na mwendo ukapanda kidogo kabla injini haijazima, mafuta yalikuwa yamezidi kweli.

Majaribio haya yafanyike nje, mahali pa wazi. Injini yenye mafuta mengi hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Jenereta isiwashwe ndani, hata kama milango iko wazi.

Sasa tazama choki, kibati kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Usiamini mkono wa choki peke yake. Toa chujio la hewa uone kama kile kibati cha ndani kinafunguka chote. Chujio lenyewe likiwa la sponji, lifue kwa maji ya sabuni, likauke, lipake oili kidogo na ulikamue vizuri, maana likilowa oili nalo huziba hewa. La karatasi halifuliwi: likung'ute vumbi, likishindikana nunua jingine.

Moshi ukibaki, ndipo tunafika kwenye kabureta. Ndani yake boya husukuma sindano inayofunga petroli bakuli likijaa. Boya lililotoboka, au sindano yake iliyolika au kunasa uchafu, huacha petroli ipite bila kikomo, hata injini ikiwa imezimwa koki ikiachwa wazi. Petroli hiyo huweza kushuka hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa imepanda, nyepesi na inanuka petroli, imwage uweke nyingine kabla ya kuwasha tena, la sivyo utaua injini.

Kuna mtindo wa kuzibua jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopima petroli kwenye kabureta, kwa waya, nami naupinga kabisa. Tundu la jeti kuu halifiki hata milimita 1, na metali yake ni laini kuliko waya wa chuma. Ukilichokonoa linapanuka, na tangu siku hiyo injini itameza mafuta kupita kiasi. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa. Jeti iliyokwisha chokonolewa haitengenezeki, inabadilishwa. Na kuzungusha skrubu ya mwendo wa chini hakutaondoa moshi unaotoka injini ikiwa kazini, kwa kuwa wakati huo mafuta hupita zaidi kwenye jeti kuu.

Wakulima wa nyanda za juu wana jambo lao la ziada. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo injini iliyopangwa kwa Dar es Salaam inaweza kutoa moshi Njombe bila ubovu wowote. Watengenezaji kadhaa wana jeti ndogo za mahali kama hapo. Muulize muuza vipuri kwa kumtajia modeli ya injini. Ukiirudisha pampu hiyo pwani, rudisha na jeti ya awali, kwani huko ikiwa na jeti ndogo itakosa mafuta ya kutosha na kupata joto kali.