Nyoka gata na samaki wasiomfaa

Mtu akiniletea nyoka gata anayetikisa kichwa, akipinduka tumbo juu na kushindwa kujigeuza, naanza na swali moja: unamlisha samaki gani? Mara nyingi jibu ni samaki wa dhahabu.

Gata ni nyoka mwembamba wa Amerika ya Kaskazini, kwa kawaida mwenye mistari mitatu ya rangi nyepesi kutoka shingoni hadi mkiani. Porini huishi karibu na maji, akila vyura, samaki na nyungunyungu. Kumpa samaki, basi, si kosa. Kosa liko kwenye aina. Samaki wa dhahabu ana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huvunja vitamini B1. Mlo mmoja haumdhuru nyoka, ila akilishwa hivyo wiki baada ya wiki akiba ya vitamini huisha na neva huanza kushindwa kazi. Wengine hudhani friza inaondoa hatari. Haiondoi, kimeng'enya hicho hustahimili kugandishwa.

Nikiwahi kwa sindano za B1, huweza kupona. Wapo niliowapoteza, na huniuma kila mara, kwa kuwa kinga yenyewe ni kubadili samaki tu.

Mpe salmoni, trauti, au gapi (samaki mdogo wa kufugwa) mzima. Minofu mitupu haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo mimi hupendelea msingi wa mlo uwe vitoto vya panya vilivyogandishwa, vikayeyushwa vizuri. Akivikataa, vipakaze majimaji ya samaki. Gata huongozwa sana na harufu, na wengi hudanganyika hapohapo. Nyungunyungu wakubwa wanafaa pia, lakini wale wekundu wembamba wanaofugwa kwenye mboji waache kabisa, maana hutoa ute wenye sumu.

Kuhusu makazi, upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hivi, mwingine 22 au 23, na bakuli la maji la kutosha kujilaza. Sakafu ibaki kavu. Anapenda maji, ndiyo, lakini akilalia unyevu kutwa hutoka malengelenge tumboni. Mfuniko ufunge barabara.

Siku za mwanzo ukimshika atakupaka uvundo mkali kutoka tundu la mkiani. Ni woga, si ukali. Usimwachie ghafla, mwache apite taratibu kutoka mkono hadi mkono, dakika chache kila siku, na wengi huacha tabia hiyo.