Umepokelewa chuoni, unesi bado

Kila mwaka, mwezi wa nane ukikaribia, hunijia ofisini mtu ameshika barua, uso umejaa furaha. Barua inasema amekubaliwa kujiunga na chuo. Kanisani ameshatangazwa, na nyumbani, iwe Goma au Eldoret, wameshapigiwa simu kwamba binti yao anasomea unesi Marekani. Ana swali moja tu: sare za wodini zinauzwa wapi? Hapo humvutia kiti, maana mazungumzo yetu hayatakuwa mafupi.

Kazi yangu ni kuwashauri waombaji wa uuguzi katika chuo cha jamii, vile vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya miaka miwili. Kwa kawaida vyuo hivi havimfungii mtu lango. Ukiwa na cheti cha sekondari au cha GED, ile mitihani ya Marekani inayosimama badala ya cheti cha sekondari, unaingia. Ila kitengo cha uuguzi kina mlango wake peke yake, kina fomu yake, tarehe yake ya mwisho, na viti vya kuhesabu. Nimeona watu wakikaa mwaka, hata miwili, wakijiita wanafunzi wa unesi, kumbe kwenye kompyuta ya chuo wameandikwa kuwa wanajiandaa tu. Ombi lenyewe hawajawahi kulipeleka, na hakuna aliyewaambia kwamba lipo.

Uchache wa viti si roho mbaya ya chuo. Mwanafunzi wa uuguzi lazima afunzwe kando ya kitanda cha mgonjwa, na mara nyingi mwalimu mmoja haruhusiwi kuwa na wanafunzi zaidi ya kumi wodini. Walimu wenyewe ni wachache, na hospitali za mji mmoja hugombewa na vyuo kadhaa.

Wala usimsikilize anayekwambia kuwa njia hii ni ya walioshindwa chuo kikuu. Mwaka 1951 Mildred Montag alitoa hoja kwamba muuguzi anaweza kuandaliwa chuoni kwa miaka miwili, na majaribio yakaanza 1952. Leo mwenye shahada hiyo, ADN, hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya aliyesoma miaka minne, na leseni ni ileile. Ni kweli zipo hospitali zinazompendelea wa miaka minne, ndiyo maana wengi huimalizia ile shahada ya miaka minne, BSN, mtandaoni huku wakiwa kazini, wakati mwingine kwa ada inayolipwa na mwajiri.

Miaka miwili hiyo, lakini, huanza kuhesabiwa ukishaingia. Kabla yake kuna masomo ya awali: Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobiolojia, Kiingereza cha uandishi, saikolojia, na pengine takwimu au kemia. Hapa ndipo watu huanguka bila kujua wameanguka. Vyuo vingi hupanga waombaji kwa alama, na kila daraja lina uzito wake. C ya Anatomia ni ya kufaulu, chuo hakina neno nayo. Kwenye foleni ya unesi C hiyo inakupeleka nyuma ya wenye A na B, na viti vinaweza kwisha kabla hujafikiwa.

Namkumbuka mama mmoja aliyeishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuja huku. Alikuwa CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Akitoka huko alipeleka watoto shule, kisha darasani. Muhula mmoja alibeba masomo manne, mawili ya sayansi, kwa sababu rafiki yake alimwambia awahi kumaliza. Alinionyesha daftari lake: michoro ya mifupa ya mkono, safi kabisa, kila mfupa na jina lake, halafu katikati ya ukurasa mstari wa kalamu umeteremka mpaka chini. Alisinzia akiandika. Alipata C mbili. Akili anayo, usingizi ndio ulimshinda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefanya kazi usiku ni sayansi moja kwa muhula, usishindane na mtu. Ukiona somo limekuzidi, lifute kabla ya tarehe ya mwisho. W, alama ya somo lililofutwa, ni afadhali kwenye matokeo kuliko D, ila pita kwanza ofisi ya misaada ya fedha, maana kufuta somo kunaweza kugusa msaada unaopata. Uliza pia chuo chako kinahesabuje somo lililorudiwa, kwa sababu vingine huruhusu kurudia mara moja tu. Na sayansi huchacha: vyuo vingi havipokei somo la sayansi lililopita miaka mitano au saba.

Kisha kuna mtihani wa kuingilia. Vyuo vingi vinatumia ule uitwao TEAS, vingine HESI. TEAS ya sasa ina maswali 170 kwa dakika 209, katika kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Ninachokiona kwa watu wetu ni kwamba hesabu hazina shida, dakika ndizo zinazokwisha kwenye kusoma. Aliyesoma biolojia kwa Kifaransa kule Kongo ana kijifaida: majina mengi ya mwili yanafanana, kwa hiyo asijidharau.

Sasa karatasi. Vyeti vya NECTA, KNEC au diploma ya serikali ya Kongo hutakiwa kupitiwa na shirika la kutathmini vyeti vya nje, kama WES au ECE; uliza kama chuo kinataka tathmini ya jumla au ya somo kwa somo, kwani bei hazilingani. Aliyepoteza vyeti vitani asikae miaka akisubiri majibu ya Kinshasa. GED ni mitihani minne, na atakuwa ameimaliza kabla bahasha haijafika.

Majina nayo yaangalie mapema. Wapo walioandikiwa kambini kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, jina la baba limeenda mbele na la ubatizo limepotea. Cheti kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile. Siku ya NCLEX, jina ulilojiandikishia lisipolingana na la kitambulisho, hufanyi mtihani, na ada imekwenda. Rekebisha mambo hayo sasa, wakati hakuna kinachokukimbiza.

Fedha: jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na ni bure. Anayekutoza kuijaza anakula jasho lako. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu na wakimbizi wanaruhusiwa kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 hufikia dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo. Ina kikomo cha maisha, takriban mihula 12 ya masomo kamili, kwa hiyo usiitumie kuchukua masomo usiyoyahitaji.

Ukiahidiwa unesi wa haraka usio na wodi, kimbia. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya shule tatu za Florida zilizohusishwa na zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za uongo. Kabla ya kulipa hata dola moja, fungua tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako uone kama programu hiyo imeidhinishwa. Na kama wewe ni muuguzi tayari, umesoma KMTC kule Kenya au Muhimbili kule Tanzania, usianze upya darasani. Iandikie bodi hiyohiyo kwanza. Huenda unachohitaji ni tathmini na mtihani tu.

Mwisho ni afya. Chanjo ya homa ya ini B inaweza kuchukua miezi kama sita, basi usingoje barua. Na kipimo cha kifua kikuu: karibu sote tulichanjwa BCG, chanjo ya ugonjwa huo, utotoni, na kile kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba ukaambiwa una maambukizi. Mwambie mhudumu kwamba ulipata BCG, uombe kile cha damu.

Usipopata kiti mara ya kwanza, unaweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba. Nafasi hutokea hata wiki moja kabla ya madarasa kufunguliwa, mtu amehama au ameshindwa ada. Tunapiga simu kwa namba uliyoandika kwenye fomu. Ukiwa umebadilisha laini bila kutuambia, au kisanduku cha ujumbe wa sauti kimejaa, tunampigia anayefuata.