Skima ya Protini: Maana Yake na Namna ya Kuichagua kwa Gharama Nafuu

Skima ya protini ni kifaa kinachoondoa uchafu ulioyeyuka ndani ya maji ya tangi la samaki wa baharini kwa kutumia viputo vya hewa. Kitendo chenyewe kina neno lake la siku nyingi katika Kiswahili, nalo ni kuengua: kama mpishi anavyopitisha mwiko juu ya chungu kinachochemka na kuondoa povu kabla halijazama, ndivyo kifaa hiki kinavyofanya usiku na mchana, isipokuwa povu hulitengeneza chenyewe. Aliyeshika jambo hilo ameshapata nusu ya anachohitaji ili anunue vizuri, kwa sababu skima, iwe ya bei kubwa au ndogo, ni mahali ambapo hewa nyingi iliyosagwa laini hukutana na maji kwa muda wa kutosha, na sehemu nyingine zote za kifaa zipo ili kulihudumia tukio hilo.

Samaki hula, hunya na kutoa ute. Chakula kilichobaki huoza, na mwani na matumbawe nayo huachia vitu vyake majini. Molekuli nyingi za uchafu huo zina upande mmoja unaoyapenda maji na upande mwingine unaoyakimbia. Kiputo cha hewa kinapopita karibu, upande unaokimbia maji hujishikiza kwenye uso wa kiputo, molekuli ikabaki imening'inia hapo, nusu hewani nusu majini, na kupanda pamoja nacho. Viputo vikifika kwenye shingo nyembamba iliyo juu ya kifaa husongamana, maji yaliyo katikati yao hutiririka kurudi chini, na povu linalobaki huzidi kuwa zito na kavu kadiri linavyopanda, hadi linapofurika na kuangukia kwenye kikombe cha kukusanyia. Ukikifungua kikombe cha skima inayofanya kazi utakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, au meusi zaidi ya hapo, yenye harufu inayokufanya ugeuze uso. Povu la rangi ya maziwa linaloachwa ufukweni baada ya mawimbi makali ni jamaa yake wa karibu.

Neno protini katika jina hilo linasema kidogo kuliko ukweli, maana pamoja na protini hutoka mafuta, chembe ndogondogo na hata baadhi ya bakteria. Kwa upande mwingine linaweza kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi. Skima haiondoi amonia, nitriti wala nitrati zilizokwisha kuyeyuka. Faida yake ni kwamba huutoa uchafu kabla haujaoza na kugeuka kuwa hivyo, na wakati huohuo huyaongezea maji oksijeni. Mwaka 2009 mwanakemia Ken Feldman wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba skima walizozijaribu ziliondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ya ogania, yaani kaboni iliyomo katika uchafu unaotokana na viumbe, iliyopimika majini, na kwamba tofauti kati ya skima moja na nyingine haikuwa kubwa. Kwa mtu mwenye fedha kidogo hiyo ni habari njema. Kazi ya kifaa ina kikomo ambacho bei peke yake haikivuki, na kubadilisha maji kunabaki kuwa wajibu wa kila mfugaji, awe amenunua kifaa gani.

Kifaa hiki ni cha maji ya bahari kwa sababu ya chumvi. Katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, viputo vinavyogusana huungana upesi na kuwa vikubwa, ilhali katika maji yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo hubaki vidogo na kutengana, na povu hushikamana. Ndiyo maana mtu akiiweka skima katika tangi la maji baridi huishia kuona maji yakichemka bila kupata povu la maana.

Ukubwa wa kiputo ndio kiini cha mambo yote, na unastahili hesabu ndogo. Chukua lita moja ya hewa na uigawe katika viputo vyenye kipenyo cha milimita 5: jumla ya nyuso zake ni mita za mraba 1.2. Hewa ileile ukiigawa katika viputo vya milimita moja unapata mita za mraba 6, na kwa viputo vya nusu milimita unapata 12. Uchafu hunasa kwenye uso, kwa hiyo kila kiputo kinapopungua, nafasi ya kunasa inaongezeka pasipo kutumia hewa zaidi. Viputo vidogo pia hupanda polepole, jambo linaloupa uchafu muda wa kujishikiza. Ukitazama skima iliyowashwa, angalia kama maji ndani ya mwili wake yamegeuka meupe kama maziwa. Ukiweza kuhesabu kiputo kimoja kimoja kwa macho, kifaa hicho hakifai hata kama kinauzwa kwa bei ya kutupwa.

Njia ya kuvipata viputo hivyo ndiyo inayozigawa aina za skima. Ya bei ndogo kabisa hutumia pampu ya hewa na kipande cha mti laini chenye vinyweleo, ambacho huachia viputo vidogo sana kikiwa kipya, lakini vinyweleo vyake huziba na kipande hakina budi kubadilishwa kila baada ya wiki chache. Wengi huvutiwa na bei ya siku ya kwanza wakasahau vipande vya mwaka mzima. Aina iliyoenea zaidi leo ni ile ambayo pampu ya maji hufyonza hewa kupitia mrija mwembamba, kisha impela, yaani gurudumu dogo linalozunguka ndani ya pampu, yenye pini nyingi kama brashi, huisaga hewa hiyo pamoja na maji. Mimi ningemshauri anayeanza achague aina hii, hata ikibidi asubiri mwezi mmoja zaidi kutafuta fedha, kwa kuwa impela ndiyo sehemu pekee inayochakaa haraka, nayo hununuliwa peke yake. Kabla ya kulipa, uliza kama impela na mipira ya kuzuia uvujaji ya muundo huo hupatikana. Kisipopatikana kipuri, unafuu huo ni wa muda.

Lita zilizoandikwa kwenye boksi zisikutawale. Watengenezaji wengi hutaja ukubwa wa tangi lenye samaki wachache, na skima haijui tangi lina lita ngapi, inachokutana nacho ni uchafu. Tangi la lita 200 lenye samaki wawili wadogo na tangi la lita 200 lenye samaki wanane wanaolishwa mara tatu kwa siku ni matangi mawili tofauti kabisa. Hata hivyo, kununua skima kubwa kupita kiasi nako ni hasara, kwa sababu uchafu ukiwa kidogo mno povu halipati uzito wa kupanda shingo pana, na kikombe hubaki kitupu kwa siku kadhaa. Kipimo kinachosema zaidi ni lita za hewa ambazo pampu hufyonza kwa saa.

Kisha pima nafasi uliyonayo. Skima ya kuning'iniza nyuma ya tangi humfaa asiye na tangi dogo la chini, yaani tangi la pili linalowekwa chini ya lile la samaki ili kubeba vifaa. Ile ya kukaa ndani ya tangi la chini huwa na kina chake maalumu cha maji, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25, na kina hicho kikipanda na kushuka, povu nalo hufurika au hukatika. Acha pia nafasi juu ya kikombe ya kukiinua wakati wa kukisafisha.

Umeme ni bei ya pili isiyoandikwa. Pampu ya wati 10 inayowaka mwaka mzima hutumia takriban yuniti 88, na ya wati 40 hutumia takriban yuniti 350, kwa hiyo kifaa cha bei rahisi chenye pampu nzito kinaweza kukugharimu zaidi kabla ya mwaka wa pili kwisha. Ili upate pampu ya wati chache kwa bei nafuu, ninaitetea skima iliyotumika: mwili wake wa plastiki haupungukiwi nguvu kwa kuwa na miaka kadhaa, na chokaa iliyoganda kwenye pampu huyeyuka ikilowekwa ndani ya siki iliyochanganywa na maji. Kagua nyufa kwenye viungo, zungusha impela kwa kidole uhisi kama inakwama, na umuulize muuzaji kama tangi lake liliwahi kutiwa dawa ya shaba, maana shaba huua matumbawe na kamba.

Skima mpya isihukumiwe katika siku zake za kwanza. Mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye plastiki huvuruga povu, na huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kabla halijatulia. Ninaamini skima nyingi nafuu hulaumiwa katika kipindi hiki bila kosa. Anza na kiwango cha chini cha maji ndani ya skima, kisha geuza vali inayopandisha na kushusha maji hayo kidogo sana na usubiri hadi kesho yake kabla ya kuigusa tena. Hata mkono wenye mafuta ukiingia majini unaweza kulilaza povu kwa saa nyingi. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kitambaa: utando wa kahawia unaojengeka ndani ya shingo huzuia povu kupanda, nao hufutwa kila baada ya siku chache, hata kama kikombe bado hakijajaa.